Jenerali China Hakuwauza Wenzake

Hapa Madogo, na kandokando ya Mto Tana hadi kule Garsen, kuna hukumu moja ambayo watu huitoa bila kuipima. Mwanajeshi aliyekula kiapo, wanasema, akihamia upande wa pili vita vikiwa bado vinapiganwa ni msaliti, na msaliti hana la kujieleza. Akisimama mbele ya umma kutoa sababu zake ndiyo kwanza anajichafua, maana mtu safi hahitaji kujitetea. Nimeisikia hukumu hii kwa wazee barazani, kwa vijana wa bodaboda stejini, na hata kwa walimu wa historia ambao walipaswa kuwa wa mwisho kuisema. Na ikitafutiwa mfano, jina linalotajwa kwanza ni la Waruhiu Itote, ambaye msituni alijulikana kama Jenerali China.

Nasema hukumu hiyo ni potofu, na kwamba Itote hastahili kubebeshwa mzigo wake. Sisemi hivyo kwa kuwa namwona malaika. Yapo aliyoyafanya ambayo sitayatetea, na nitafika hapo. Lakini kumtia katika kapu moja na watu waliovaa magunia usoni wakawaonyesha jirani zao kwa kidole ni dhuluma, na dhuluma hiyo inaendelea kutugharimu sisi wa Tana River mpaka leo.

Yaliyotokea yanajulikana. Tarehe 15 Januari 1954, baada ya mapambano katika eneo la Karatina, Itote alikamatwa akiwa na jeraha la risasi shingoni. Alikuwa kamanda wa wapiganaji wa Mau Mau upande wa Mlima Kenya, mwenye maelfu ya watu chini yake. Ian Henderson, ofisa wa upelelezi wa polisi aliyekulia Kenya na kukizungumza Kikuyu vizuri, alimhoji kwa saa 68. Mwanzoni mwa Februari alifikishwa mahakamani Nyeri na kuhukumiwa kunyongwa, kwa kosa la kuandamana na watu wenye silaha na la kupatikana na risasi mbili. Chini ya kanuni za hali ya hatari, risasi mbili zilitosha kumpeleka mtu kwenye kitanzi. Kisha serikali ikamwekea jambo mbele yake: awaandikie makamanda wenzake, awaite kwenye mazungumzo ya kuweka silaha chini. Akakubali. Barua zikaingia msituni, na tarehe 30 Machi wajumbe wa wapiganaji, Jenerali Tanganyika akiwa mmoja wao, wakaketi na maofisa wa serikali mjini Nyeri. Hukumu ya Itote ikawa imebadilishwa kuwa kifungo. Tarehe 7 Aprili jeshi likalishambulia kundi la wapiganaji waliokuwa wamekusanyika, likaua zaidi ya 20, na mazungumzo yakafa palepale.

Wanaomhukumu huanzia kwenye kiapo. Alikula kiapo cha Mau Mau, wanasema, akakivunja. Mimi nawauliza: mbona hawaanzi na kiapo chake cha kwanza? Kabla ya kuwa Jenerali China, Itote alikuwa koplo wa King's African Rifles (KAR). Aliapa kumtumikia Mfalme wa Uingereza, akavaa sare, akapelekwa Burma kupigana na Wajapani. Huko Burma, kwa maelezo yake mwenyewe, ndiko alikoanza kujiuliza anampigania nani, na kwa ajili ya nchi ipi, ilhali kwao Nyeri ardhi imechukuliwa na baba yake hana sauti. Aliporudi akaingia katika siasa za vijana wa Nairobi, kisha kiapo cha siri, kisha mwaka 1952 akaingia msituni akiwa na ujuzi wote aliofundishwa na jeshi la Mwingereza. Huko nako ni kuhama upande. Ofisa wa Kiingereza aliyemfundisha kulenga shabaha angemwita msaliti, na kwa kanuni ya kiapo angekuwa na haki kamili.

Lakini hakuna mtu wa Madogo anayemlaumu Itote kwa kuvuka huko kwa kwanza. Tunamsifu. Tunawasifu wote waliotoka KAR wakaenda msituni, na tunafanya vizuri. Maana yake ni kwamba sisi wenyewe, mioyoni mwetu, hatuamini kwamba kiapo pekee ndicho kinachoamua. Tunaamini kuna kitu kilicho juu ya kiapo, na kwamba mtu aliyeona kiapo chake kinamtumikisha katika dhuluma ana haki ya kukiacha. Basi kama tunaiamini haki hiyo mwaka 1952, hatuwezi kuifuta mwaka 1954 kwa sababu tu safari hii aliachana na upande tunaoupenda. Tunaweza kusema alikosea kuamua. Tunaweza kusema sababu zake hazikutosha. Hatuwezi kusema hakuwa na ruhusa ya kuwa na sababu.

Hapo ndipo watu wa kwetu hutoa hoja yao nzito, ambayo haitoki Nyeri bali hapa hapa Tana River. Husema: tazama Hola.

Nami nataka tuitazame kweli, kwa kuwa Hola ni yetu. Ukiiacha Madogo ukaifuata barabara ya Garsen kuelekea kusini, utaipita Bura, kisha utafika mahali ambapo tarehe 3 Machi 1959 wafungwa wa kisiasa 11 walipigwa marungu mpaka wakafa. Walikuwa katika kundi la watu wapatao 85 waliotolewa kambini asubuhi ile kwenda kuchimba mtaro wa umwagiliaji. Hawakuwa wamehukumiwa na mahakama yoyote. Waliwekwa kizuizini kama watu sugu, wasiokiri, wasiokubali kushirikiana na serikali hata kwa kushika jembe. Mpango uliotungwa na msimamizi wa magereza John Cowan ulisema walazimishwe kufanya kazi, na kulazimishwa huko kukawa kipigo. Baada ya hapo serikali ikatangaza kwamba marehemu walikufa baada ya kunywa maji kwenye gari la maji. Uchunguzi ukautoa uongo huo mbele ya dunia, na mwezi Julai jambo hilo likajadiliwa usiku kucha katika Bunge la Uingereza, ambako hata Enoch Powell, mtu wa mrengo wa kulia kabisa, alisimama kusema kwamba Afrika haiwezi kuwa na kipimo chake cha chini cha haki. Kambi za kizuizini hazikudumu sana baada ya hapo, na Januari 1960 hali ya hatari ikaondolewa.

Hao 11, husema wanaomhukumu Itote, walikataa hata kuchimba mtaro, wakafa. China alikubali kuandika barua, akaishi. Kwa kipimo hicho hukumu inaonekana imekwisha.

Haijaisha. Imeruka jambo kubwa. Mfungwa wa Hola aliyekataa jembe aliuweka mwili wake mwenyewe mbele ya rungu. Uamuzi ulikuwa wake, na gharama ikawa yake. Kamanda wa Mlima Kenya hakuwa katika nafasi hiyo. Akisema vita viendelee, hafi yeye peke yake, kwani yeye tayari ameshahukumiwa. Wanakufa vijana waliomfuata, na wanawake wanaowapelekea chakula, na vijiji vinavyotozwa adhabu kwa ajili yao. Mtu anaweza kuutoa uhai wake bila kumuuliza yeyote. Uhai wa maelfu ya watu hauwezi kuutoa kwa ajili ya kulinda jina lako. Ushujaa wa Hola ni mkubwa, tena ni mkubwa kiasi kwamba hauhitaji kuinuliwa kwa kumkanyaga mtu mwingine ambaye alikabiliwa na swali tofauti.

Na kuna jambo la pili kuhusu Hola ambalo watu wa kwetu hawapendi kulisema, ingawa wote wanalijua. Walioshika marungu siku ile walikuwa askari magereza Waafrika. Waliamriwa na wakubwa wao wa Kizungu, wakatii. Hakuna aliyehama upande. Hakuna aliyelitupa rungu chini akasema hili siliwezi, nimekoma kuwatumikia. Kiapo chao cha utumishi kilibaki kizima tangu asubuhi mpaka jioni, na watu 11 wakafa. Ukiniambia kwamba uaminifu kwa upande wako ndio kipimo cha mwanajeshi, basi lazima uniambie kwamba askari wale walikipita kipimo hicho. Mimi siwezi kusema hivyo. Nakumbuka Hola na naona kwamba siku ile tulihitaji watu wa kuvuka, na hawakupatikana.

Ninajua jibu linalokuja: askari wa Hola alipaswa kuvuka kuelekea kwa wanyonge, lakini China alivuka kuelekea kwa wenye nguvu. Hoja hii ni ya haki na inastahili jibu la haki. Ni kweli kwamba mazungumzo ya Nyeri hayakuwa ya watu walio sawa. Serikali haikuahidi ardhi wala uhuru. Iliahidi uhai. Mpiganaji angetoka msituni, asingenyongwa, angewekwa kizuizini. Mtu mwenye msimamo anaweza kusema hayo hayakutosha, na wengi msituni walisema hivyo.

Lakini tukumbuke Itote alikuwa anajua nini. Alikuwa mwanajeshi wa Burma. Aliyaona majeshi ya kisasa yanavyopigana, akajua mzinga ni nini na ndege ni nini. Watu wake walikuwa na bunduki za kujitengenezea kwa mabomba ya maji na vitasa vya milango, na risasi za kuhesabu kwa vidole. Dhidi yao kulikuwa na vikosi kutoka Uingereza, KAR, polisi, maelfu ya homugadi, na ndege za Lincoln zinazodondosha mabomba msituni. Kamanda aliyeyaona hayo akaamua kwamba vita vya risasi vimefika mwisho wake, na kwamba kilichobaki ni kuokoa watu ili madai yaendelee kwa njia nyingine, hakuwa ameacha madai. Alikuwa amesoma uwanja wa vita.

Na mambo yaliyofuata hayakumwonyesha kuwa mjinga. Mazungumzo yalivunjika tarehe 7 Aprili. Tarehe 24 mwezi huo huo ikaanza Operesheni Anvil, Nairobi ikazingirwa, maelfu kwa maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru wakapakiwa kwenye malori kupelekwa kambini. Kuanzia katikati ya mwaka huo zaidi ya watu milioni moja wakahamishwa kwa nguvu katika vijiji vilivyozungushiwa mitaro na miiba, njaa na magonjwa yakaingia humo, na waliolipa zaidi ni watoto na wazee. Kufikia mwisho wa vita hivyo zaidi ya watu 1,000 walikuwa wamenyongwa kwa amri ya mahakama. Sisemi kwamba mazungumzo ya Nyeri yangeyazuia yote hayo. Nasema kwamba Itote aliyaona yakija, akajaribu kuyakinga kwa kile kidogo alichokuwa nacho mkononi, na kwamba aliyeyavunja mazungumzo si yeye. Walowezi walikasirika kwamba hakunyongwa, na risasi zilizowaua wapiganaji zaidi ya 20 zilitoka kwa jeshi la serikali. Kumtwika Itote damu ya watu hao ni kumwondolea lawama aliyefyatua.

Sasa nifike kwenye lile ambalo sitalitetea. Itote alizungumza chini ya mahojiano. Ripoti ya mahojiano hayo ipo, imechapishwa pamoja na mwenendo wa kesi yake katika kitabu cha mwanahistoria Myles Osborne cha mwaka 2015, na ndani yake kuna maelezo marefu juu ya muundo wa jeshi la Mlima Kenya, viongozi wake na namna lilivyopata mahitaji. Wapo wanaosema kwamba mengi aliyaongeza chumvi au kuyapotosha ili kumchezea Henderson. Huenda. Lakini ukurasa wenye jina la mtu aliye hai msituni ni ukurasa wa hatari, na aliyeutoa anawajibika kwa ajili yake, hata kama alikuwa na jeraha la risasi shingoni. Hapo namlaumu. Namlaumu kama mtu aliyeshindwa kunyamaza wakati kunyamaza kulihitajika, na hilo ni kosa ambalo wengi wetu tungelifanya kabla ya saa 68 kwisha.

Lakini tazama alichokataa kuwa. Katika vita vile vile walikuwako wapiganaji waliokamatwa, wakageuzwa, wakavishwa tena ngozi zao za msituni na kurudishwa humo usiku pamoja na maofisa wa Kizungu waliojipaka rangi nyeusi, ili wawakaribie wenzao kama ndugu na kuwaua. Henderson aliwatumia watu wa namna hiyo kumsaka Dedan Kimathi mpaka alipokamatwa Oktoba 1956, na Februari 1957 Kimathi akanyongwa Kamiti. Hao ndio waliouza. Silaha yao kubwa ilikuwa imani ya wenzao waliodhani bado wako pamoja. Itote hakuingia msituni na bunduki ya serikali. Aliandika barua zenye jina lake, akasema yuko wapi na anataka nini, na anayezipokea alikuwa na uhuru wa kukataa. Wengi walikataa. Huwezi kusaliti mtu kwa barua iliyo wazi ambayo yeye anaweza kuichana.

Hilo la uwazi nataka kulikazia, maana ndilo linaloivunja ile kauli kwamba mtu safi hahitaji kujieleza. Katika kambi za kuchuja watu kulikuwa na watoa habari waliovikwa gunia kichwani lenye matundu mawili ya macho. Wakikuyu waliwaita gakunia. Watu wanapitishwa mbele yake kwa mstari, yeye anatikisa kichwa, na mtu anachukuliwa. Ni watu wangapi kati ya hao walioandika kitabu? Ni nani kati yao aliyesimama baada ya uhuru akasema mimi ndimi, na hizi ndizo sababu zangu, niulizeni? Hakuna. Walinyamaza, wakalinda siri yao, na baadhi yao walikuwa na mashamba na vyeo. Itote alifungwa mpaka 1962, miaka kadhaa akiwa Lokitaung, kwenye joto na vumbi la Turkana, pamoja na Jomo Kenyatta, Bildad Kaggia, Fred Kubai, Paul Ngei na Kung'u Karumba. Kenyatta alimfundisha Kiingereza humo gerezani. Mwaka 1967 akatoa kitabu, akakiita kwa cheo chake cha msituni, na ndani yake akaeleza alivyokamatwa na alivyokubali kuandika. Wenzake walikuwa hai. Waliopigana chini yake walikuwa hai, Nyeri na Kirinyaga na Embu, na wangeweza kumkabili sokoni. Hakuandika akiwa uhamishoni, wala hakusubiri mashahidi wafe. Mwaka 1979 akarudi na kitabu cha pili.

Mwanajeshi anayejieleza hadharani anajitia katika mikono ya watu wake wamhukumu. Anawapa maneno ambayo wanaweza kuyapima, kuyalinganisha na ya wengine, kumkamata kwa uongo. Ndiyo maana leo tunaweza kumlaumu Itote kwa jambo mahususi na kumtetea kwa jambo mahususi, wakati wale wa magunia hatuwezi hata kuwataja.

Husemwa pia kwamba alizawadiwa: alipelekwa Israel kwa mafunzo ya uofisa, kisha akawa naibu mkurugenzi wa Huduma ya Vijana kwa Taifa ilipoundwa mwaka 1964. Cheo hicho alikitoa Mwingereza? Kilitolewa na serikali ya Kenya huru, kwa mtu aliyekaa jela miaka minane, kwa kazi ya kuwafundisha vijana maskini ufundi na nidhamu. Mimi sioni hapo bei ya usaliti. Naona kwamba wapiganaji wengi zaidi walistahili kupewa kazi kama hiyo na hawakupewa, na hilo ni shtaka dhidi ya dola, si dhidi yake.

Tukitoka Kenya kidogo, jambo hili linajidhihirisha zaidi. Mwezi Mei 1997 majeshi ya waasi wa AFDL ya Laurent Kabila, wengi wao vijana wanaozungumza Kiswahili waliotembea kutoka mashariki wakiwa na mabuti ya mpira miguuni, yalikuwa mlangoni mwa Kinshasa. Jenerali Mahele Lieko Bokungu alikuwa mkuu wa majeshi ya Mobutu. Alimweleza rais wake ukweli kwamba jeshi haliwezi tena kumlinda katika mji ule, na alikuwa tayari amewasiliana na upande wa pili ili mji ukabidhiwe bila mapigano. Usiku wa tarehe 16 Mei alikwenda kambi ya Tshatshi kuwatuliza askari wa kikosi maalum cha rais. Wakampiga risasi, wakimwita msaliti. Siku iliyofuata AFDL iliingia Kinshasa, na mji wa mamilioni ya watu ukaokoka vita vya mtaa kwa mtaa ambavyo kila mtu aliviogopa. Waliompiga risasi ndio waliokuwa waaminifu. Nani kati yao na Mahele aliutumikia mji?

Bosco Ntaganda naye alivuka, tena mara nyingi: kutoka kundi hadi kundi huko Ituri na Kivu, akaingia jeshi la taifa la Kongo akiwa jenerali mwaka 2009, akalihama tena mwaka 2012 kwenda kwa waasi wa M23. Kila alipovuka aliwabeba wapiganaji wake na cheo chake, na mauaji yakamfuata. Mwaka 2019 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimtia hatiani na kumpa kifungo cha miaka 30. Lakini hakutiwa hatiani kwa kuhama. Alitiwa hatiani kwa mauaji, ubakaji na kuwatia watoto vitani, na hatia hiyo ingebaki vile vile kama angekaa katika kundi moja maisha yake yote.

Najua msomaji wa Madogo atauliza haya ya Nyeri na Kinshasa yanatuhusu nini. Yanatuhusu kuliko karibu watu wote wa Kenya. Ng'ambo ya daraja letu ni Garissa. Tulikuwa kwenye mpaka wa vita vya shifta tangu mwaka 1963, na vilipofikishwa mwisho kwa makubaliano ya Arusha Oktoba 1967, wako vijana waliotoka porini wakarudi nyumbani, na walipokewa na tuhuma kutoka kila upande: serikali iliwaona maadui waliojificha, na waliobaki na ndoto ya Somalia Kubwa wakawaona waliouza damu. Sheria za hali ya hatari ziliendelea kulibana eneo la kaskazini mashariki mpaka mwaka 1991. Watu walioweza kuzungumza na pande zote mbili walinyamazishwa na hofu ya jina moja.

Mwaka 2012 kule Delta, Wapokomo na Waorma walipoanza kuuana, Riketa na Kilelengwani zikageuka majina ya vifo kwa taifa zima. Aliyekuwa na ndugu, rafiki au mke upande wa pili alijua kwamba kuonya mapema au kwenda kuketi na wazee wa wale ni kujitia alama. Nasema bila kusita kwamba tulipoteza watu kwa sababu wavukaji walikuwa wachache mno.

Na sasa kuna al-Shabaab. Aprili 2015, siku chache baada ya watu 148 kuuawa Chuo Kikuu cha Garissa, karibu kabisa na sisi, serikali ilitangaza msamaha kwa vijana waliokuwa wamejiunga na kundi hilo wajisalimishe. Tangu hapo operesheni za msitu wa Boni zimekuwa zikipita katika kaunti zetu za Lamu, Garissa na Tana River. Pwani wako waliorudi, na katika waliorudi wako waliouawa, Kwale ikiwa ndiyo iliyoumia zaidi. Kijana aliye porini leo anayafahamu hayo. Akitazama nyuma anaona kundi litakalomwua kwa kuhama, akitazama mbele anaona kijiji kinachomwita msaliti au mpelelezi. Basi anabaki alipo, na bunduki yake inabaki pamoja naye.

Kwa hiyo nawaomba wazee wa Madogo, Bura, Hola na Garsen, maimamu, wachungaji, machifu na kamati za amani. Mtu akitoka porini, au mpiganaji wa mgambo akiacha kundi lake, au ofisa akikataa amri ya kufyatulia watu wasio na silaha, mpeni mahali pa kusema mbele ya watu, jina lake na uso wake vikiwa wazi. Mumsikilize mpaka amalize. Mumuulize aliowaacha nyuma wako salama au aliwaonyesha kwa wawindaji. Mumuulize alipata nini na nani alilipa. Kama aliua au kuuza, mpelekeni mahakamani ajibu kwa hilo. Kama alivuka ili watu wasife, mpokeeni, na mumlinde dhidi ya pande zote mbili, kwa sababu zote mbili zitamtafuta. Waruhiu Itote alifariki mwaka 1993, miaka 10 kabla serikali haijaifuta sheria iliyoiita Mau Mau chama haramu, na baada ya kuyaweka maelezo yake mbele yetu sote. Tuna wajibu wa kuyasoma kabla ya kumhukumu.